Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: pweza yumo barafuni, sindano ya wazazi imo kabatini

Kwa waheshimiwa mlioshika dhamana ya afya hapa Zanzibar, na hasa mnaosimamia vituo vya huku kwetu Pemba,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa, mimi ni fundi friji, niko Wete, kazi yangu mwaka wa 17 huu ni kujaza gesi, kubadilisha kompresa na kugombana na wavuvi ambao friza zao wanazitaka jana. Si daktari wala sijidai udaktari. Nimekuandikieni barua 3 za faragha juu ya dada'ngu aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kila moja imegongwa muhuri wa "imepokelewa" na nakala zote ninazo, ya mwisho nimeipeleka kwa mkono wangu mwenyewe nikaambiwa nitapigiwa simu. Hiyo simu ina mwaka na miezi minne sasa haijalia. Kwa hiyo leo naandika mbele za watu, mnisamehe kwa hilo lakini hodi nimeshapiga za kutosha.

Jina la kituo sitolitaja na la nesi sitolitaja kabisa, kwa sababu yule binti alikuwa peke yake usiku ule na alichokuwa nacho alikifanya chote.

Dada'ngu kajifungua saa 6 za usiku, mtoto salama, kondo limetoka lote. Nesi akampiga sindano ya kukaza kizazi, oksitosini yuniti 10 ya paja, kama inavyotakiwa kwa kila mzazi. Damu haikukata. Akamkanda tumbo, akampiga nyengine, akafunga dripu akatia na nyengine ndani, kizazi laini vile vile kama unga uliozidi maji (maneno ya mama hayo, yeye ndiye aliyekuwa akimulika kwa simu maana umeme ulikuwa umekatika). Mimi nilipofika saa 7 na nusu na gari niliyoazima kwa jirani anayenunua samaki, dada'ngu alikuwa midomo imekuwa rangi ya jivu, jasho la baridi, ananiuliza mimi nani. Tukampakia nyuma pembeni ya boksi la barafu, mle mna pweza wa kupelekwa mjini alfajiri, na mama njia nzima kamshika kichwa asigonge lile boksi. Hospitali presha ilikuwa 70 kwa 40.

Yuko hai, alhamdulillahi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Sindano ilikuwa imeshapikwa

Wiki mbili baada ya pale nikaitwa kwenye kituo kile kile kutazama friji, kwa bahati tu, hawakujua mimi ni ndugu wa mgonjwa. Friji ya kawaida ya nyumbani, mpira wa mlango umekatika, kompresa inaunguruma haisukumi kitu. Nikatia thamomita rafu ya pili, nyuzi 19. Nikauliza dawa mnaweka wapi, nikaoneshwa kabati la ukutani lililo upande wa jua la mchana na chini yake lipo jiko wanalochemshia vifaa. Nikatia thamomita mle nayo, 34. Vichupa vya oksitosini vimo ndani ya boksi lake na ubavuni mwa boksi imeandikwa wazi iwekwe baina ya nyuzi 2 na 8. Nikauliza tangu lini, nikajibiwa tangu friji ilipokufa, miezi minne.

Oksitosini ni homoni, waheshimiwa. Ni ile ile mwili wa mama unayoitengeneza wenyewe kichwani, inayokaza kizazi na kushusha maziwa. Mmarekani Vincent du Vigneaud ndiye aliyeiunda maabara mwaka 1953, na 1955 akapewa Nobel ya kemia. Imeungwa kwa viungo 9 kama shanga kwenye uzi, na joto likikaa nayo siku nyingi zile shanga zinaharibika kidogo kidogo. Ubaya wake haioneshi. Samaki akioza utamnusa tangu mlangoni, maziwa yakiharibika yanaganda, lakini oksitosini iliyokufa ni maji meupe yale yale kwenye kichupa kile kile, na tarehe ya mwisho wa matumizi bado ipo mbele. Nesi anajaza faili: sindano imetolewa. Nyinyi mnasoma ripoti: sindano imetolewa. Na kizazi cha mama kinakojoa damu. Karibu na kujifungua, damu inayopita kwenye kizazi kwa dakika moja ni kama nusu lita na zaidi, kwa hiyo piga hesabu robo saa ya kusubiri dawa iliyokufa ina gharama gani.

Siwezi kuthibitisha mbele ya kadhi kwamba vichupa vya usiku ule vilikuwa vimekufa, vilishatupwa. Na najua hata oksitosini nzima mara nyengine kizazi huikataa. Hilo nalikubali. Lakini hatua tano kutoka kwenye lile kabati, nimehesabu mwenyewe kwa miguu yangu, ipo friji ya chanjo, ya sola, nzuri, mpira mzima, chati ya joto imebandikwa na inajazwa asubuhi na jioni, nyuzi 4 kamili. Nafasi tupu rafu nzima ya chini. Nikauliza kwa nini dawa za wazazi hazimo humu. "Friji ya chanjo ni ya chanjo." Ndivyo walivyoelekezwa, na nesi hawezi kukiuka maelekezo yenu.

Kwa sisi tuliokua Pemba ya kabla ya kebo ya umeme ya chini ya bahari kutoka Tanga, umeme ukija na kwenda na majenereta, kitu cha kwanza unachojifunza ni kuhamisha vya baridi kwa mwenye baridi. Na ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kila nyumba ilikuwa na jirani mwenye jenereta wa kuwekewa nyama. Maarifa haya tunayo, ila yanaishia jikoni hayafiki kituoni.

2. Damu inapimwa kwa macho

Faili la dada'ngu limeandikwa alipoteza mililita 300. Mama alifua kanga tano na shuka mbili, na ile ya tatu, kwa kauli yake, ilipokamuliwa kwenye beseni ilifanya beseni lisitazamike. Nesi hakusema uongo, damu ikilowa kwenye nguo na godoro jicho la mtu yeyote huipunguza, na mwanga wenyewe wa simu. Mstari wa hatari uliozoeleka ni mililita 500, sasa kama umeandika 300 moyo wako umetulia na gari hukuita.

Kuna kifaa rahisi, plastiki ya kutandika chini ya mzazi yenye mfuko na mistari ya vipimo, unasoma kama unavyosoma mafuta kwenye galoni. Kwenye utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu hii hii, wazazi zaidi ya laki 2, walitumia plastiki hiyo na ikionesha hatari wakafanya mambo yote kwa pamoja bila kungojana: kukanda kizazi, homoni, dawa ya traneksamiki inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, maji ya mshipa, kumkagua kama kachanika. Madhara mazito yakapungua kwa asilimia 60. Sijaona plastiki hiyo huku kwetu na nimeingia vituo vingi kwa ajili ya mafriji.

3. Nesi mmoja, gari hakuna, damu hakuna

Hili mnalijua, sitolirefusha. Gari ya wagonjwa ilikuwa gereji. Damu tulitoa sisi ndugu saa 10 alfajiri, watu watatu tumekaa kwenye benchi moja.

4. Aliyepona hakupona

Hapa ndipo penye kuniuma, na ndipo barua zangu zote tatu zilipoandikwa kwa ajili yake.

Dada'ngu maziwa hayakutoka. Hata tone. Siku ya kwanza tukasema uchovu, wiki tukasema hofu, mwezi wanawake wa mtaani wakasema hasada maana mtoto mzuri na yeye kapona ndani ya kaburi. Akaandikiwa kombe akanywa, akafukizwa, akapelekwa kwa mtu Micheweni. Akawa analala mchana kutwa. Nywele zikapukutika. Siku zake hazikurudi. Kaskazi la mwezi wa Februari, sisi tunalala nje kwa joto, yeye kajifunika blanketi anatetemeka. Mumewe, shemeji yangu, mtu mwema lakini ni mtu, akaanza kusema mke wangu kawa mvivu.

Mwaka na nusu wote ule kila tulikokwenda tulipewa vidonge vya damu. Mpaka daktari mmoja, tumevuka kwa boti kwenda Unguja kwa shughuli nyengine kabisa, kamtazama dakika kumi tu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: ulipojifungua ulitoka damu nyingi? Maziwa je?

Kumbe ugonjwa una jina tangu 1937, kaueleza Muingereza Harold Sheehan. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo inaitwa pituitari, ukubwa wa punje ya njegere tu, ndiyo inayoamrisha homoni nyengine nyingi za mwili. Mwanamke akiwa mjamzito ile tezi inavimba, na damu inayoifikia inakwenda kwa msukumo mdogo, basi presha ikiporomoka kwa kutokwa damu, yenyewe inakuwa miongoni mwa vya mwanzo kufa. Ikifa, amri ya maziwa haipo, amri ya hedhi haipo, tezi ya shingoni inalala, na zile tezi za juu ya figo zinazotoa kotisoli, homoni inayomsimamisha mtu akiumwa, nazo zinalala.

Dawa ipo na ni homoni tena, unarudishiwa kwa kidonge kile ambacho mwili hautengenezi. Asubuhi predinisoloni badala ya kotisoli, halafu thairoksini badala ya homoni ya tezi ya shingo. Na kuna utaratibu: ya kotisoli inatangulia, ukimpa ya tezi ya shingo peke yake unaweza kumuangusha. Dada'ngu wiki ya tatu kaamka mwenyewe, kafagia ua, kakaa barazani kasuka ukili. Mama kalia.

Nauliza waheshimiwa, ni wangapi huku mashamba ambao wametoka damu, wakanusurika, wakahesabiwa kwenye safu ya "walionusurika", na sasa wamekaa ndani wanaitwa wavivu au wana mashetani? Hakuna swali la maziwa kwenye kliniki ya siku ya 40. Ni swali moja tu. Halina bajeti.

5. Na vidonge vyenyewe havipo

Mara mbili mwaka jana dirisha la dawa limemwambia "hakuna, jaribu wiki ijayo". Mtu wa aina yake hajaribu wiki ijayo. Akikosa ile ya kotisoli halafu akashikwa na homa tu ya kawaida au kuharisha, presha inaporomoka na anarudi kwenye mshtuko ule ule wa kwanza, safari hii bila tone la damu kutoka, na kinachomwokoa hapo ni sindano ya haidrokotisoni kwa haraka na maji ya mshipa. Mara ya pili niliinunua kwa pesa yangu duka la dawa Chake. Mimi nina kazi ya kuniingizia kitu, je asiye na kaka fundi?

Sasa, majibu yenu nayajua, mengine nimeshaambiwa kwa mdomo nje ya ofisi kwa hiyo nayajibu kabisa.

Mtasema bajeti. Kuhamisha boksi hatua tano hakuna bajeti.

Mtasema friji ya chanjo hairuhusiwi. Inaruhusiwa, mwaka 2019 mashirika ya Umoja wa Mataifa, WHO la afya, UNICEF la watoto na UNFPA la idadi ya watu, walitoa tamko la pamoja kwamba oksitosini ihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na itumie mnyororo ule ule wa baridi wa chanjo pale inapobidi, muhimu iwekwe kwenye boksi lake lenye alama isichanganyike. Tamko hilo lilikuja kwenu, halikuja kwa fundi friji, nashangaa kuwa mimi ndiye ninayekusomeeni.

Mmoja wenu aliniambia, kwa upole nakiri, "Fundi, haya mambo ya homoni kwenye mshtuko wa damu ni majaribio ya Wazungu bado." Nikaenda kutafuta nijue anasema nini. Nadhani alikuwa na vasopresini kichwani, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na oksitosini, inatoka tezi hiyo hiyo, shanga 9 vile vile, wanatofautiana shanga 2 tu, na huyo huyo du Vigneaud ndiye aliyeziunda zote mbili. Kazi yake vasopresini ni kubana mishipa presha isishuke, na mtu akitokwa damu sana ile akiba yake mwilini inakwisha. Ni kweli hiyo ipo kwenye kupimwa: utafiti mmoja wa Philadelphia uliotoka 2019, majeruhi 100, waliopewa kidogo kidogo walihitaji damu na mazao yake kama lita 1.4 na wenzao lita 2.9, ila waliokufa hawakupishana. Na ni dawa ya wodi ya mahututi yenye mashine za kumtazama mgonjwa kila dakika. Siombi hiyo jamani. Naomba ile ndugu yake ambayo mnayo, mmeinunua, mmeisafirisha mpaka Pemba, mkaiacha ife kabatini.

Na mtasema kadari. Hapo sibishani na mtu kuhusu Mwenyezi Mungu, ila bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) amwache ngamia wake kwa tawakkal aliambiwa amfunge kwanza.

Ninayoomba ni haya. Utoke waraka wa maandishi, ukurasa mmoja, vituo vyote vya Unguja na Pemba, kwamba oksitosini iingie friji ya chanjo, na ile iliyokaa nje kwa miezi itolewe isitumike. Waraka uwe na jina na sahihi ya mtu, maana nesi haogopi kukosea, anaogopa kulaumiwa.

Vituo ambavyo friji haina matumaini, ombeni kabetosini, dawa nyengine ya kukaza kizazi, ile isiyohitaji friji. Mwaka 2018 WHO waliipima kwa wazazi karibu 30,000 kwenye nchi 10, kwa kuzuia damu ikasimama sawa na oksitosini, na inakaa kwenye nyuzi 30 miaka 3. Hiyo ni ya kuzuia, kwa hiyo oksitosini nzima bado inatakiwa iwepo.

Plastiki za kupimia damu zifike kila chumba cha kujifungulia, na manesi wafundishwe ule utaratibu wa kufanya yote kwa pamoja.

Kliniki ya siku ya 40 liongezwe swali: ulitoka damu nyingi, na maziwa yametoka? Jibu likiwa baya apelekwe akapimwe homoni, na kipimo chenyewe kifike Pemba tusivuke bahari.

Predinisoloni, thairoksini na haidrokotisoni ya sindano visikosekane kwenye hospitali yoyote ya wilaya, na wagonjwa wa aina hii wapewe kadi ya kuonesha wakija mahututi, dada'ngu mimi nimemwandikia yake kwa mkono nikailaminisha.

Na ile friji ya kituo, inataka kompresa mpya na mpira wa mlango. Kompresa ndogo ya saizi ile ninayo dukani, mpira nitakata mwenyewe, kazi sitotoza. Nilishawaambia siku ile ile, wakanijibu kifaa cha serikali hakiguswi bila kibali. Kibali hicho nimekiomba kwenye barua ya pili, aya ya mwisho, na namba yangu ya simu ipo chini yake.

Wabillahi tawfiq.

Fundi friji,
Wete, Pemba